Kabla ya Dripu ya Kwanza: Saratani, Vijana na Uwezo wa Kuzaa

(Kiashirio cha kipindi. Muziki unapungua.)

MTANGAZAJI: Uko Nyarugusu au Nduta, uko Nakivale, Kakuma, au uko Dzaleka kule Malawi, karibu kwenye kipindi chetu cha afya. Kama una kijana hapo nyumbani, mwite akae karibu na redio. Leo nitataja mambo ambayo watu wazima tumezoea kuyasema kwa kunong'ona. Nitayasema wazi, kwa heshima, kwa sababu wahenga walishatuambia: mficha uchi hazai.

Tunazungumza juu ya saratani, ambayo wengine mnaiita kansa. Na tunazungumza juu ya swali moja tu: mtoto au kijana akitibiwa saratani na akapona, je, ataweza kuzaa?

Najua swali hili lina uzito gani kwetu. Mtu aliyeacha shamba, nyumba na makaburi ya wazazi wake ng'ambo ya mpaka, akikuhesabia mali yake leo, anakuhesabia watoto. Ndiyo maana kuna wazazi ambao wakisikia wodini kwamba "dawa za kansa zinaua kizazi", wanamfunga mtoto kitenge mgongoni na kurudi naye kambini kabla hata matibabu hayajaanza. Mtoto huyo anakufa kwa ugonjwa ambao huenda ungepona. Na kuna wengine ambao hawakuambiwa lolote. Mtoto alitibiwa, akapona, akakua, akaoa, miaka ikapita nyumba iko kimya, na ndipo familia ikaanza kutafuta nani karoga. Hakuna aliyeroga. Kulikuwa na mazungumzo ambayo yalipaswa kufanyika siku moja kabla ya dripu ya kwanza, na hayakufanyika.

Basi shika maneno mawili. La kwanza, matibabu hayakataliwi na hayacheleweshwi. La pili, swali la uzazi linaulizwa mapema, kabla dawa haijaingia mwilini, kwa sababu baadhi ya njia za kulinda uzazi zinawezekana wakati huo tu.

(Muziki mfupi.)

Kwanza tuelewe dawa hizi zinafanya nini. Saratani ni chembe za mwili zinazogawanyika bila breki. Dawa nyingi za saratani huwinda chembe zinazogawanyika kwa haraka. Lakini dawa haijui kuchagua vizuri. Nywele nazo hukua kwa haraka, ndiyo maana hunyonyoka. Utando wa mdomo na tumbo nao ni hivyo hivyo, ndiyo maana mgonjwa hutoka vidonda mdomoni na kutapika. Mahali ambapo mbegu za mtoto wa kiume zinatengenezwa nako kazi haisimami, usiku na mchana. Dawa ikipita huko, inaharibu.

Kwa mvulana, mbegu moja huchukua kama miezi miwili na nusu hadi kukomaa. Chini yake kuna chembe mama, zile zinazozaa mbegu zote. Chembe mama zikibaki hai, hata chache, mbegu zinaweza kurudi baada ya mwaka mmoja, miwili, wakati mwingine mitano. Zikifa zote, hazirudi. Na hapa naomba wanaume mnisikilize: chembe zinazotengeneza homoni ya kiume ni nyingine, na zinavumilia dawa zaidi. Kwa hiyo kijana anaweza kupona akawa na sauti nzito, ndevu, na nguvu zake za kiume zote, lakini maji yake yakawa hayana mbegu. Nguvu za kiume ni jambo moja, mbegu ni jambo jingine. Usimpime kijana kwa macho.

Kwa msichana hali ni tofauti. Yeye anazaliwa na akiba yake yote ya mayai, kati ya milioni moja na mbili. Anapovunja ungo yamebaki kama laki tatu au nne, na mwili wake hautengenezi mengine. Ni kama debe la mbegu lililowekwa juu ya dari: unachota, huongezi. Dawa kali inaweza kuchota kwa siku chache kile ambacho umri ungechota kwa miaka. Kwa sababu hiyo msichana anaweza kupona, akapata siku zake kila mwezi kama kawaida, na bado akiba yake ikawa imebaki kidogo, hedhi ikakoma akiwa na miaka 30 au 35. Kuona damu ya mwezi ni habari njema, lakini si hati ya uhakika. Na kwa upande mwingine, hedhi ikikatika wakati wa matibabu, usiseme tayari kizazi kimekufa. Mara nyingi inarudi.

Kuna wanaosema mtoto mdogo hana shida kwa kuwa viungo vyake vya uzazi "vimelala". Si kweli. Mtoto wa miaka minne anaweza kuathirika pia, ingawa matokeo yataonekana baada ya miaka kumi au zaidi.

Sasa, si kila dawa ina ukali huo. Hili ndilo ambalo wazazi wengi hawaambiwi. Kuna kundi la dawa ambalo ndilo hasa linaumiza uzazi, na inayotumika sana katika hospitali zetu ni saiklofosfamaidi. Nyingine, kama vinkristini na methotreksati, madhara yake kwa uzazi ni madogo. Na hata saiklofosfamaidi, jambo kubwa ni jumla ya dozi yote tangu mwanzo hadi mwisho. Dozi ndogo, wengi hubaki na uwezo wa kuzaa. Dozi kubwa sana, kama ile inayotolewa kabla ya kupandikiza uboho, wengi huupoteza.

Chukua saratani ya Burkitt, ule uvimbe wa taya kwa watoto. Ni ugonjwa wa maeneo yetu kabisa. Umepewa jina la daktari Denis Burkitt, aliyekuwa akifanya kazi Mulago, Kampala, na kuueleza kwa maandishi mwaka 1958. Taasisi ya Saratani ya Uganda ilipoanza mwaka 1967, ilianza kwa ajili ya ugonjwa huu. Uvimbe wa Burkitt unaweza kuongezeka mara mbili kwa siku moja au mbili. Siku moja au mbili, msikilizaji! Ukiahirisha kwa wiki mbili ili familia ikutane kujadili uzazi, huenda hakutakuwa na mtoto wa kujadiliwa. Lakini ni ugonjwa unaosikia dawa vizuri, na watoto wengi hupona wakimaliza dozi. Hapo swali la uzazi unaliuliza leo, na dripu inaanza leo.

Saratani ya figo ya watoto wadogo nayo mara nyingi hutibiwa kwa dawa ambazo hazigusi sana uzazi. Kwa hiyo mzazi anayemtorosha mtoto mwenye uvimbe huo kwa hofu ya utasa, anakimbia moshi ambao hauna moto mkubwa. Mwulize daktari: dawa za mtoto wangu ni za kundi gani?

Mionzi ni habari nyingine. Mionzi inaumiza pale inapopigwa. Mtoto akipigwa mionzi ya mguu au ya shingo, korodani au vifuko vya mayai haviko kwenye njia. Akipigwa ya nyonga au tumbo la chini, viko kwenye njia, na mayai ni dhaifu sana mbele ya mionzi. Hata mionzi ya kichwa inaweza kugusa tezi iliyo chini ya ubongo inayoamrisha homoni za uzazi, ingawa hiyo inaweza kusaidiwa kwa homoni baadaye.

(Muziki mfupi.)

Tuje kwenye kinachoweza kufanyika. Naanza na kijana wa kiume aliyebalehe, kwa kuwa kwake njia ni nyepesi. Anatoa manii kwenye kikopo safi cha maabara, na mbegu zinagandishwa ndani ya nitrojeni ya maji, kwenye baridi ya nyuzijoto 196 chini ya sifuri. Hii si friji ya duka la soda, wala si barafu ya kupooza samaki. Ni mtungi maalumu ambao lazima uongezwe nitrojeni mara kwa mara na mtu anayejua kazi yake. Mimba za kwanza kutokana na mbegu zilizogandishwa ziliripotiwa Marekani mwaka 1953, kwa hiyo si majaribio. Mbegu zilizokaa zaidi ya miaka 20 zimeshaleta watoto. Kikopo kimoja kinatosha kuanzia, na hata mbegu zikiwa chache, siku hizi yai moja linahitaji mbegu moja tu.

Kazi ngumu si maabara. Kazi ngumu ni kumwambia kijana wa miaka 15, anayeumwa, aliye kwenye kitanda cha wodi chenye wagonjwa wanane, kwamba atoe manii. Baba yupo pale, mama yupo pale, nesi ni dada wa umri wa shangazi yake. Kijana anakataa kwa kichwa, na watu wazima wanashukuru kimoyomoyo kwamba mazungumzo yamekwisha. Usikubali yaishe hivyo. Mama, toka nje kidogo. Aende mjomba, kaka mkubwa, au daktari wa kiume, waongee wawili tu, na kijana apewe chumba chenye mlango unaofungika. Na kama dhamiri ya dini inamsumbua, zungumza na shehe au mchungaji wako ukimweleza kwamba hii ni sehemu ya tiba. Wengi wakielezwa hivyo hutoa ushauri kwa upole. Ila fanyeni siku hiyo hiyo. Dawa ikishaingia, mbegu zinaweza kuwa zimeharibika ndani, na haishauriwi kuzihifadhi.

Ikiwa kijana hawezi kabisa, daktari bingwa anaweza kuchukua mbegu kwa sindano kwenye korodani. Kwa mvulana ambaye bado hajabalehe, hakuna mbegu za kuhifadhi. Kuna hospitali za nchi tajiri zinazogandisha kipande cha korodani, lakini hiyo bado ni utafiti. Kwake kinga iliyo karibu ni kifuniko cha risasi kinachofunika korodani wakati wa mionzi. Omba kifuniko hicho. Hakigharimu familia kitu.

Kwa msichana aliyevunja ungo, mayai yanaweza kuvunwa na kugandishwa. Anadungwa sindano za homoni kwa wiki mbili hivi, kisha mayai yanatolewa. Ni wiki mbili ambazo saratani nyingi za vijana haziruhusu, na bei yake hata mwenyeji mwenye mshahara huiona kwa mbali. Nakueleza ujue ipo, si kwa kukudanganya kwamba itafika kambini kesho.

Kuna jingine linalowezekana zaidi. Kama msichana anakwenda kupigwa mionzi ya nyonga, daktari wa upasuaji anaweza kuvisogeza vifuko vya mayai na kuvishonea juu zaidi, nje ya njia ya mionzi. Ni upasuaji wa kawaida wa tumbo, hauhitaji mtungi wa nitrojeni. Lazima niseme ukweli wote: kama mfuko wa uzazi wenyewe utapigwa mionzi mikubwa, kubeba mimba kunaweza kushindikana hata vifuko vikiokoka. Lakini homoni zake zinaweza kubaki, na mifupa yake ikabaki na nguvu.

Ipo pia sindano ya kila mwezi, goserelini, inayovituliza vifuko vya mayai wakati wa dripu. Kwa wanawake vijana wenye saratani ya matiti imeonekana kupunguza idadi ya wanaokoma hedhi mapema. Inapaswa kuanza kama wiki moja kabla ya dawa. Haimlindi mvulana.

Na mtoto wa kike ambaye hajavunja ungo? Kwake iko njia moja: kutoa kifuko kimoja cha mayai, au sehemu yake, kukigandisha, na kukirudisha akiwa mtu mzima. Mtoto wa kwanza kwa njia hii alizaliwa Ubelgiji mwaka 2004, kwa mama aliyekuwa ametibiwa saratani ya tezi za limfu. Lakini kisa kilichotugusa sisi ni kingine. Binti mmoja alizaliwa Jamhuri ya Kongo, ile ya Brazzaville, akiwa na selimundu, ugonjwa ambao wengi mnauita SS. Akahamia Ubelgiji akiwa mtoto. Hali ilipokuwa mbaya, madaktari wakaamua kumpandikiza uboho wa kaka yake, jambo linalohitaji dawa zile zile kali za saratani. Alikuwa na miaka 13, hajavunja ungo. Kabla ya dawa, walitoa kifuko chake kimoja na kugandisha vipande vyake. Kilichobaki mwilini kiliharibika. Miaka kumi na zaidi baadaye wakamrudishia vipande vile, siku zake zikaanza, na mwaka 2014, akiwa na miaka 27, akajifungua mtoto wa kiume mzima. Alikuwa wa kwanza duniani kujulikana kuzaa kwa kifuko kilichotolewa utotoni. Mtoto wa Kongo, msikilizaji. Kilichomsaidia ni hospitali ya Ubelgiji, ndiyo, lakini pia ni kwamba mtu mmoja alikumbuka kuuliza kabla ya dawa.

Njia hii haimfai kila mtoto. Kwa mwenye saratani ya damu, vipande vilivyorudishwa vinaweza kurudisha na ugonjwa.

(Muziki mfupi.)

Sasa turudi kambini, maana ndiko tuliko. Kutoka zahanati ya kambi hadi hospitali ya saratani ni safari ndefu: kutoka Kigoma ni Bugando kule Mwanza au Ocean Road Dar es Salaam, kutoka Nakivale ni Mbarara au Kampala. Rufaa za gharama kubwa hupitia kamati, na kamati hutazama uwezekano wa kupona na bei. Kugandisha mbegu hufanyika zaidi kwenye kliniki binafsi za miji kama Nairobi, Kampala na Dar es Salaam, na kuna ada ya kuhifadhi kila mwaka. Usitegemee kwamba rufaa italipa hilo. Familia nyingine huchangiwa na ndugu walio ng'ambo. Mkifanya hivyo, hakikisheni karatasi inaonyesha mbegu ni za nani, nani ataruhusiwa kuzitumia, na nini kitafanyika mkihamishiwa nchi ya tatu au mkirudi nyumbani. Mtungi hausafiri pamoja na mabegi yenu.

Lakini kuna kitu kimoja ambacho hakihitaji fedha wala kamati. Siku ya kutoka hospitali, omba muhtasari wa matibabu ulioandikwa: jina la ugonjwa, majina ya dawa zote, jumla ya dozi ya kila dawa, mionzi ilipigwa wapi na kiasi gani. Weka kwenye mfuko wa plastiki pamoja na kadi ya chakula na hati ya ukimbizi. Piga picha kwa simu, mtumie na ndugu. Miaka kumi ijayo, mtoto huyo akiwa Bujumbura, Bukavu au Kanada, daktari akiona karatasi hiyo atajua apime nini. Bila karatasi atakuwa anabahatisha, na sisi tunajua hospitali ngapi zilizotutibu zimeshafungwa au kuhamishwa.

Nina maswali matatu yaliyoletwa na wahudumu wa afya ya jamii. Mama mmoja anauliza: mwanangu alitibiwa miaka sita iliyopita, hatukuuliza lolote, je, tumechelewa? Mama, hapana. Kwa kijana aliyebalehe, kipimo cha manii kinafanyika hospitali nyingi za mkoa. Kwa binti, angalia kama anavunja ungo kwa umri wa wenzake. Akifika miaka 13 bila dalili hata ya matiti kuchipua, mpeleke, kwa maana anaweza kusaidiwa kwa homoni. Na kama hedhi iko sawa, mwambie asichelewe mno kufikiria uzazi akishaolewa, kwa sababu akiba yake inaweza kuisha mapema.

Kijana mwingine anauliza: nikizaa baada ya kupona, mtoto wangu atakuwa na saratani? Kwa saratani nyingi, hapana. Watoto wa waliopona huzaliwa wazima kama watoto wengine. Ni chache tu zinazopita kwenye ukoo, mojawapo ni aina ya saratani ya jicho la mtoto. Huyo anahitaji ushauri wa daktari mapema, na mtoto wake apimwe macho tangu kuzaliwa.

Wa tatu ni binti aliyeolewa, yuko kwenye dripu sasa, na mume anataka mtoto haraka "kabla kizazi hakijafa". Dada, sikiliza, na mume wako asikilize. Mimba wakati wa dawa inaweza kuharibika au kumdhuru mtoto, na inakukatisha tiba. Tumieni kinga hadi matibabu yaishe. Baada ya hapo madaktari wengi hushauri kungoja angalau miezi sita, na mara nyingi mwaka mmoja au miwili, kutegemea dawa na aina ya ugonjwa. Muulize daktari wako muda wako ni upi, na siku hiyo mwende wote wawili.

Kama una swali, mpe mhudumu wa afya wa eneo lako, atatuletea bila jina lako. Juma lijalo tutazungumza juu ya watoto wenye selimundu wakati wa baridi na malaria. Nakutakia usiku mwema.

(Kiashirio.)